Programu ya kupanga trafiki ya mtandao: kipi kiwemo, kipi kitupwe nje?

#1 NuktaTatu

Wakuu habari. Naenda moja kwa moja.

Naandika programu ya kukaa kwenye ruta za Linux, kazi yake kupanga trafiki: pakiti ipi ipite kwanza, ipi isubiri, ipi idondoshwe. Chini kabisa zipo CAKE na FQ-CoDel, kanuni za kusimamia foleni za pakiti zilizomo tayari ndani ya Linux, hizo siziandiki upya. Mimi nachagua tu mtumiaji aone nini na nini kisionekane kabisa. Nilipouliza watu wanataka nini, kila mmoja alikuja na lake: kipaumbele cha gemu, mgao sawa kwa kila kifaa, kubana torenti, kutambua video, ratiba ya usiku, grafu za rangi, na mmoja akataka kitufe cha "turbo". Huyo hakuwa anatania.

Msimamo wangu, na mnaruhusiwa kuushambulia: kipengele chochote kinachomtaka mtumiaji aingize namba asiyo na njia ya kuijua, hakina haki ya kuwemo. Aweke kasi ya laini yake, basi. Mengine programu ijue yenyewe au iyaache.

Mnasemaje?

#2 Mvuta Kiti

Ngoja nivute kiti. Wajuzi wa foleni mje huku.

#3 KeboKavu

Naunga mkono hoja, na historia iko upande wako. Sally Floyd na Van Jacobson walileta RED, kanuni ya kusimamia foleni za ruta, mwaka 1993. Wazo zuri kabisa: anza kudondosha pakiti kabla foleni haijajaa. Lakini ilikuja na vizingiti viwili, uwezekano wa juu wa kudondosha, na uzito wa kukokotoa wastani. Ruta nyingi tu zilikuwa nayo, na nyingi hazikuiwasha, kwa sababu hakuna aliyejua ajaze nini kwenye zile nafasi.

Mwaka 2012 Van Jacobson huyohuyo, safari hii na Kathleen Nichols, akaja na CoDel. Namba mbili: lengo la ucheleweshaji wa foleni la milisekunde 5 na dirisha la kupimia la milisekunde 100, na zote mbili tayari zimejazwa. FQ-CoDel ikaingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo la 3.5 mwaka huohuo. Watu wakaiwasha bila kusoma ukurasa hata mmoja, ikafanya kazi.

#4 Babu wa HTB

Mnasifia bila kupiga hesabu. Pakiti ya baiti 1500 ni biti 12,000. Kwenye laini ya Mbps 1 inachukua milisekunde 12 kutoka tu. Lengo lako la milisekunde 5 hapo ni ndoto, CoDel itaidondosha hata pakiti iliyo peke yake kwenye foleni. Kwa hiyo hata huyo "asiye na namba" ana namba, ila amekuficha.

#5 PakitiPweke

> CoDel itaidondosha hata pakiti iliyo peke yake kwenye foleni

Hapana mzee wangu. Foleni ikiwa na mzigo usiozidi pakiti moja kubwa, CoDel haidondoshi, lipo sharti lake ndani ya msimbo wake. Taabu inaanza zikiwa mbili tatu zimepangana, hapo kwa Mbps 1 utalipita lengo daima. Ndiyo maana kwa laini za polepole unashauriwa kulipandisha lengo angalau lifikie muda wa kutuma pakiti moja nzima. CAKE inalipandisha yenyewe kutokana na kasi uliyoipa.

Kwa hiyo mfano wako, badala ya kumwangusha dada Nukta, unampa nguvu. Namba ipo, lakini mashine inaikokotoa kutoka kwenye ile moja aliyoweka mtumiaji.

#6 Babu wa HTB

Sawa kwa hilo la pakiti moja. Ila msinifanye mshamba wa namba, nimelala nazo. Pale nilipokuwa nafanya kazi, kampuni ndogo ya kusambaza intaneti, nilirithi mti wa HTB (kipangaji cha Linux kinachogawa kasi kwa madaraja) kutoka kwa jamaa aliyenitangulia. Matawi juu ya matawi: gemu poti hizi, barua poti hizi, "muhimu" poti hizi. Kwenye logi kerneli inalalamika kila ruta ikiwaka kwamba kwanta (baiti zinazotumwa kwa zamu moja) ya daraja fulani ni kubwa mno. Hesabu yake ni hii: daraja la Mbps 100 ni baiti 12,500,000 kwa sekunde, unagawa kwa r2q, kigawanyo cha HTB, ambacho kwa kawaida ni 10, unapata 1,250,000. Kerneli inaona umepitiliza, inaipunguza yenyewe hadi 200,000 na kukuachia onyo. Hakuna mtu ofisini aliyejua maana ya lile onyo.

Na bado ule mti uliwahi kufanya kazi nzuri. Ulikufa siku karibu kila kitu kilipohamia poti 443. Video, barua, mikutano, masasisho ya simu, vyote mlango mmoja na vyote vimesimbwa. Orodha ya poti ikabaki pambo.

#7 binti_swichi

Hapo kwenye 443 ndipo penye jibu la "kutambua video". Dada Nukta, hicho tupa leo hii. Kitafanya kazi kwenye onyesho, kisha kila miezi michache utakuwa unasasisha orodha ya majina ya seva. QUIC nayo, itifaki ya kusafirisha data inayotumika badala ya TCP ya zamani, tangu iwe kiwango rasmi mwaka 2021, imefunga hata vile vichwa ambavyo TCP iliviacha wazi. Utakuwa unabashiri, na ukibashiri vibaya mtumiaji anakulaumu wewe.

#8 Kamanda wa Gemu

Sasa mkitupa kila kitu gemu zetu nani azilinde? Mimi nataka kipaumbele. Alama za DSCP, zile za kipaumbele kwenye kichwa cha pakiti, zipo tangu 1998, kazi yake si ndiyo hiyo? Ni kama njia ya ambulensi: pakiti ya gemu ikija, wengine wapishe.

#9 KeboKavu

Tatizo la hiyo njia, kila mwenye gari anaweza kujifungia king'ora.

#10 PakitiPweke

@Kamanda wa Gemu DSCP ni biti 6, alama 64. Hakuna askari wa kuzikagua. Programu yoyote inaweza kujipa 46, ile ya sauti, na ikapita kifua mbele. Pia mitandao mingi ya katikati huzifuta au kuzibadilisha, kwa hiyo zile zinazokufikia kutoka nje huwezi kuziamini sana.

CAKE ilipata ujanja ambao mimi naupenda. Chaguo-msingi lake ni mapipa matatu: la mizigo mikubwa isiyo na haraka, la kawaida, na la sauti. Pipa la sauti linapewa nafasi ya mbele mradi lisizidi robo ya kasi ya laini. Likizidi, upendeleo unaondoka. Kwa hiyo anayedanganya kwa kupakia faili kubwa lenye alama ya sauti anajinyima mwenyewe. Huhitaji askari.

#11 Kamanda wa Gemu

Kwa hiyo gemu yangu inayotumia kidogo tu iko salama pale mbele?

#12 PakitiPweke

Iko salama hata bila alama. FQ-CoDel na CAKE zote zinatenganisha mitiririko, na mtiririko mpya usio na foleni hupewa zamu mapema. Gemu inatuma pakiti ndogondogo kwa nafasi, haikai foleni. Ndiyo maana wengi wakishawasha hii wanasahau habari ya kipaumbele.

#13 Kamanda wa Gemu

Wengi siyo mimi 😂 nataka kitufe.

#14 NuktaTatu

Kamanda, nikikuwekea kitufe kisichounganishwa na chochote utajua?

#15 Kamanda wa Gemu

Nitaona pingi (muda wa kwenda na kurudi) imeshuka.

#16 Mzigo Mzito

Naona wote mnazungumzia foleni kana kwamba iko kwenye ruta yenu. Mara nyingi iko kwenye modemu, au upande wa pili kwa mtoa huduma. Modemu yenye bafa (hifadhi ya pakiti zinazosubiri) ya kilobaiti 256 kwenye laini ya kupakia ya Mbps 1 inabeba sekunde mbili nzima za pakiti. Sekunde mbili! Ndiyo ule uvimbe wa bafa (bufferbloat) aliokuwa akiupigia kelele Jim Gettys. Ili kipangaji chako kiwe na kazi, lazima ubane kasi chini kidogo ya ile ya kweli, foleni ihamie kwako.

Sasa "chini kidogo" ya nini? Hapo ndipo sheria ya mleta uzi inavunjika. Laini za DSL (intaneti ya waya wa simu) za kale zinabeba pakiti ndani ya seli za ATM, mfumo wa kubeba data kwa vipande vidogo vya ukubwa mmoja, baiti 53 kila kimoja, mzigo 48. Pakiti ya 1500 ukiongeza vichwa vya baiti 40 inakuwa 1540. Gawa kwa 48: seli 33. Zidisha kwa 53: baiti 1749 kwenye waya. Na pakiti ndogo ya baiti 49 pamoja na vichwa vyake inalipa seli mbili, yaani 106, zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake. Usipoiambia programu hayo, simu za sauti zikiwa nyingi unavuka kasi ya laini bila kujua na foleni inarudi kwenye modemu palepale.

Mtumiaji hajui kama laini yake ni ATM. Hajui baiti za vichwa. Lakini namba hiyo ikikosekana kazi yote inaharibika. Unafanyaje?

#17 NuktaTatu

Hili ndilo lililonileta. CAKE ina neno moja, "conservative", linalochukulia hali mbaya kuliko zote: vichwa baiti 48 na seli za ATM. Nikiliweka kimyakimya kwa wote, mtumiaji haulizwi kitu.

#18 Mzigo Mzito

Na mwenye faiba anapoteza baiti 5 katika kila 53, zaidi ya asilimia 9, kwa seli ambazo hazipo kwake. Akipima kasi atakuja kukutukana hapahapa.

#19 binti_swichi

Muulize tu: laini inaingia kwa waya wa simu, kebo, faiba au hewani? Swali hilo kila mtu anajibu. Namba izalishwe ndani.

#20 Mzigo Mzito

Waya wa simu haukuambii kitu. VDSL, aina mpya zaidi ya DSL, nyingi zinatumia PTM, ubebaji usio na seli kabisa. Mbili zinafanana ukutani, hesabu tofauti.

#21 Chuma Chakavu

Jamani hakuna aliyetaja prosesa. Kubana kasi ni kazi, na ruta ndogo yenye kiini kimoja inaishiwa pumzi kabla laini haijajaa. Mtu ana faiba ya kasi kubwa, anawasha mpangaji wa trafiki, kasi inaporomoka, anazima na hawashi tena. Tena kuna ruta zenye njia ya mkato ya maunzi, pakiti zinapita kwenye chipu bila kugusa kerneli. Hiyo ikiwa imewashwa, mpangaji wako anaangalia barabara tupu huku trafiki inapita nyuma ya nyumba. Kipengele cha kwanza cha kuandika, dada, ni kukagua hilo na kulisema kwa herufi kubwa. Hakipendezi kwenye tangazo lakini kitakupunguzia malalamiko kuliko vyote vilivyotajwa.

#22 NuktaTatu

Asante, hili sikuwa nalo kwenye orodha. Linaingia.

#23 Mvuta Kiti

Kiti kimeanza kuuma lakini sibanduki. Mimi si mtaalamu, ile ACK filter niliyoiona kwenye ruta yangu ni ya nini? Kaka mmoja aliniambia niiwashe "kwa kasi zaidi".

#24 Babu wa HTB

Hiyo ni ya laini zenye kupakua kukubwa na kupakia kudogo. Unapopakua, kifaa chako kinarudisha zile pakiti za "nimepokea", ndizo ACK. Kwa Mbps 100 za kupakua unapata pakiti 8,333 kwa sekunde za baiti 1500. Kifaa kikijibu moja kwa kila mbili, ni majibu 4,166 hivi, kila moja baiti 66: Mbps 2.2 za kupakia zimeliwa na majibu tu. Kama kupakia kwako ni Mbps 2, umekwama, kupakua hakufiki 100. Kichujio kinatupa majibu ya zamani yaliyo kwenye foleni, kwa sababu jibu jipya la TCP linajumlisha yaliyotangulia.

#25 PakitiPweke

Hesabu nzuri, ila vifaa vya siku hizi vinaunganisha pakiti zinazoingia kabla ya kuzipandisha juu, kwa hiyo majibu huwa machache kuliko moja kwa mbili. Na kwa QUIC kichujio hakioni chochote, majibu yamesimbwa. CAKE yenyewe inacho lakini imekizima mpaka ukiombe.

#26 KeboKavu

Hapo ndipo nina neno. Kuchezea pakiti za mtu si kazi ya mpangaji. Mpangaji aamue nani atangulie na nani adondoshwe. Akianza kuchagua jibu lipi la TCP lina maana, kesho atasahihisha vichwa, keshokutwa atakuwa wakala kamili wa katikati. Mpaka uwekwe mahali.

#27 Babu wa HTB

Mpaka wako hauna msimamo. Kuweka alama ya ECN, ile ya kuonya kuwa kuna msongamano, badala ya kudondosha si kuchezea pakiti? Unabadilisha biti ndani ya kichwa. Na kile kipengele cha "wash" kinachofuta DSCP? Na kuvunja vile vipande vikubwa vya kilobaiti 64 ambavyo kadi ya mtandao huvituma kwa mkupuo? Kimoja kwenye Mbps 1 kinaziba njia kwa nusu sekunde. CAKE inavivunja na kila mtu anashangilia. Yote ni kuchezea. Swali ni kama mwenye laini anafaidika.

#28 KeboKavu

ECN mtumaji ameomba mwenyewe kwa kuweka biti. Majibu ya TCP hakuna aliyeomba yatupwe. Ndio msimamo wangu na nimesimama nao.

#29 Mvuta Kiti

Sasa niwashe nisiwashe?

#30 binti_swichi

Kupakia kwako ni ngapi?

#31 Mvuta Kiti

Sijui 😅

#32 NuktaTatu

Mnaona? Huyu ndiye mtumiaji wangu.

#33 Hewani Tu

Mimi natumia laini ya simu za mkononi, na hapa nyote mnaongea kama watu wa waya. Kasi yangu saa moja ni 40, saa nyingine 6. Ile "aweke kasi ya laini yake, basi" kwangu haipo. Nikiweka 6 napoteza mchana, nikiweka 40 jioni foleni yote inaenda kwenye mnara. CAKE ina autorate-ingress ndani, inayokadiria kasi yenyewe, na kuna watu wanaotumia skripti ya nje inayopima pingi kila mara na kushusha kikomo ucheleweshaji ukipanda. Mimi natumia ya nje. Ikichemka naisoma, naihariri, naiwasha upya. Ya kwenye kerneli ukigombana nayo utasubiri toleo lijalo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi: hilo ni la lazima, lakini likae nje.

#34 Chuma Chakavu

Naongezea: Wi-Fi. Foleni ikiwa kwenye redio, huyu mpangaji wa upande wa intaneti hana habari nayo. Kwenye Linux ile FQ-CoDel ilibidi iingizwe ndani ya mac80211 kwenyewe, sehemu ya Wi-Fi ya kerneli, pamoja na mgao wa muda wa hewani, ili simu moja ya mbali yenye mawimbi dhaifu isile muda wa wote. Ukiweka maandishi "tunaharakisha Wi-Fi" kwenye programu yako unatupiga kamba.

#35 PakitiPweke

Na L4S nayo, ule mpango wa kupunguza ucheleweshaji kwa kutumia ECN? Viwango vyake vilitoka Januari 2023, RFC (hati za intaneti) 9330 mpaka 9332, kuna watu watauliza.

#36 KeboKavu

Usifungue hilo kopo. Biti mbili za ECN zina thamani nne tu, moja ya mwisho iliyokuwa imebaki, ECT(1), ikagombewa na kambi mbili. L4S waliichukua kutambulisha trafiki yao, SCE, pendekezo pinzani, walitaka iwe dalili ya msongamano mdogo. Uzi utafika kurasa mia.

#37 Mzigo Mzito

Swali la pembeni: kwenye CAKE kuna chaguo la muda wa safari linaloitwa "interplanetary". Dada Nukta, hilo nalo unalificha au mtumiaji wa Jupita ana haki zake?

#38 Kamanda wa Gemu

Mwanga kwenda Jupita ni dakika 33 hadi 54 kutegemea sayari zilipo. Pingi hiyo mara mbili. Bado nitalaumu ruta.

#39 Babu wa HTB

Mzaha kando, lina kazi: linaifanya CoDel isifanye karibu chochote, unabaki na mgao wa haki peke yake. Nimelitumia kutafuta hitilafu. Na hapa nampinga mleta uzi waziwazi. Vitu vya fundi visitupwe, viwekwe kwenye faili ambalo mtu wa kawaida halifungui. Ukivitupa kabisa, siku ya tatizo fundi ataiondoa programu yako na kuandika amri kwa mkono.

#40 binti_swichi

Naongeza takwimu humohumo. Kila pipa: zilizodondoshwa, zilizowekewa alama, ucheleweshaji wa wastani na wa kilele. Nilishakaa na mteja anayeapa kuwa mpangaji umeharibika. Tukafungua takwimu: zilizodondoshwa sifuri, foleni sifuri, wakati yeye analia simu ya video inakatika. Maana yake kikomo kilikuwa juu ya kasi halisi na mpangaji hakuwa anapanga chochote. Tulishusha kikomo, namba zikaanza kusogea, simu ikatulia. Bila ukurasa ule tungegombana mpaka jioni. Grafu za rangi sizihitaji, zile namba nazihitaji.

#41 NuktaTatu

Takwimu zinaingia, faili la fundi linaingia. Kichujio cha ACK bado nasikiliza. Niulize la mwisho lililobaki: mgao sawa kwa kila kifaa. Nilidhani hili halina ubishi. John Nagle alishaliandika mwaka 1985 kwenye RFC 970: ukihudumia kwa zamu kila chanzo, anayetuma kupita kiasi anajiumiza mwenyewe tu. Naliwasha kwa wote?

#42 PakitiPweke

Ukiliwasha kumbuka na neno "nat". Kwa chaguo-msingi limezimwa, na bila hilo CAKE iliyo upande wa nje inaona anwani moja ya ruta, vifaa vyote vinageuka kifaa kimoja. Mgao unakuwa jina tu.

#43 Hewani Tu

Na hata ukiliwasha, "kifaa" kwa CAKE ni anwani. Simu moja yenye IPv4 na anwani za muda za IPv6 inahesabiwa zaidi ya mara moja, na inapewa mafungu zaidi ya moja. Kompyuta ya zamani yenye IPv4 pekee inapata fungu moja.

#44 NuktaTatu

Basi nihesabu kwa MAC (anwani ya maunzi ya kifaa), upande wa ndani.

#45 Chuma Chakavu

Ukiwa na ruta ya pili ndani ya nyumba, wote walio nyuma yake wana MAC moja.

#46 KeboKavu

Kwani mgao ni wa kifaa au wa mtu? Mwenye simu, kompyuta na runinga anapata mafungu matatu, mgeni mwenye simu moja anapata moja. Nani kasema hiyo ndiyo haki?

#47 Kamanda wa Gemu

Mgeni asubiri.